SAMUEL COUSINS, MTIA NAKSHI WA SURA ZA WATU

Jioni ya leo twataka kuwasimulieni habari za Samuel Cousins, Mwingereza aliyeishi tangu 1801 hata 1887, ambaye kazi yake ilikuwa kutia nakshi sura za watu katika mabamba ya shaba na ya feleji, ili zipate kupigwa chapa katika karatasi. Hakuwa jemadari, wala hakutawala nchi, wala hakusafiri mbali kuvumbua mito na maziwa. Aliketi mezani karibu na dirisha, chombo mkononi, kwa muda wa karibu miaka sabini. Lakini katika habari zake mna jambo linalotuhusu sana sisi tufundishao na ninyi mfundishwao, nalo ni hili: mtu ambaye kazi yake ni kuifanya kazi ya mwingine ijulikane, je, anayo heshima yake mwenyewe, au ni kivuli tu cha yule mwingine?

Kwanza yafaa tufahamu nakshi hiyo ni kitu gani. Mtu akitwaa noti mpya ya fedha, akapitisha kidole polepole juu ya maandishi yake makubwa, mara nyingi atahisi kwamba wino umeinuka kidogo, haukulala sawasawa na karatasi. Sababu yake ni kwamba wino ule ulikuwa ndani ya mifereji myembamba iliyokatwa katika bamba la chuma, na karatasi ilipogandamizwa kwa nguvu ikauvuta kutoka humo. Hiyo ndiyo nakshi ya bamba. Wazee wetu waliozishika noti za shilingi zenye sura ya Mfalme George wa Sita waliiona kazi ya namna hiyo, ijapokuwa hawakuambiwa jina lake.

Kabla ya 1839, mwaka ambao habari za kupiga picha kwa nuru zilitangazwa huko Ufaransa na Uingereza, hapakuwa na njia nyingi za kuwaonyesha watu wengi sura ya mtu mmoja. Mchoraji wa rangi alichora picha moja tu, na picha hiyo ilitundikwa katika nyumba ya tajiri, ambamo maskini hakuingia. Mtu wa mji wa mbali aliyetaka kuijua sura ya waziri, au ya mwandishi, au ya malkia wake, alikwenda katika duka la muuza picha akanunua karatasi iliyopigwa chapa. Kwa hiyo mtia nakshi alikuwa kama mkalimani. Alisimama kati ya mchoraji na watu, akayafasiri maneno ya rangi kwa lugha ya wino mweusi na karatasi nyeupe.

Ziko namna nyingi za kutia nakshi, lakini ile aliyoshika Cousins huitwa mezotinti, neno la Kiitalia lenye maana ya rangi nusu, yaani rangi ya katikati. Ilivumbuliwa na askari mmoja wa Kijerumani, Ludwig von Siegen, ambaye mwaka 1642 alitoa picha ya mama mtawala wa Hesse-Kassel kwa njia hiyo. Kisha mwana wa mfalme aitwaye Rupert akaichukua Uingereza, na mwaka 1662 mwandishi John Evelyn akaitaja katika kitabu chake. Waingereza waliipenda na kuizoea mno, hata watu wa Ufaransa wakawa wakiiita mtindo wa Kiingereza.

Kazi yenyewe huanza hivi. Fundi hutwaa bamba la shaba lililosuguliwa likawa laini kama kioo. Anacho chombo cha chuma mfano wa patasi pana, ambacho makali yake yamepindika kama mwezi mchanga, nayo yana meno madogo madogo yaliyosongamana. Huliweka bambani, akaliyumbisha huku na huku kama mama abembelezaye mtoto, na meno yale hutoboa shaba na kuinua vichembe vyembamba visivyoonekana ila kwa jicho kali. Akimaliza upande mmoja hugeuza bamba, akaanza tena kwa njia ya kukatiza, kisha kwa mshazari, na tena, na tena, mara nyingi sana, mpaka bamba zima limekuwa na ukavu wa ngozi ya papa. Bamba hilo lingepakwa wino na kupigwa chapa wakati huo, karatasi ingetoka nyeusi tititi, weusi mzito wa mahameli.

Hapo ndipo ustadi unapoanza. Mwanafunzi wetu anapochora kwa kalamu huanza na karatasi nyeupe akaongeza weusi. Mtia nakshi wa mezotinti huanza gizani akaitafuta nuru. Kwa kisu kidogo hukwangua vile vichembe: akikwangua kidogo hupata kijivu kizito, akikwangua zaidi hupata kijivu chepesi, na mahali anapotaka weupe kabisa, kama mng'ao wa jicho au ukosi wa shati, hupasugua kwa chuma laini mpaka wino ukose pa kushika. Tena yote huifanya kinyume, maana karatasi itakapowekwa juu ya bamba mkono wa kuume utakuwa wa kushoto. Bamba likiisha tayari hupakwa wino, likapanguswa kwa kitambaa na kwa kiganja cha mkono, likafunikwa karatasi yenye unyevu na mablanketi, kisha likapitishwa katikati ya vigogo viwili vya chuma vinavyobana kwa nguvu nyingi. Kwa picha moja kubwa fundi aweza kukaa miezi mingi. Mkono ukiteleza siku moja, huenda akalazimika kupatia meno tena mahali pale palipoharibika, kisha aanze upya.

Basi, turudi kwa mtu wetu. Samuel Cousins alizaliwa katika mji wa Exeter, kusini-magharibi ya Uingereza, tarehe 9 Mei 1801, katika nyumba yenye watoto wengi na fedha chache. Husimuliwa kwamba afisa mmoja, Kapteni Bagwell, alipokuwa akipita njiani alimkuta mtoto amesimama mbele ya dirisha la duka la picha, penseli mkononi, akinakili picha iliyowekwa ndani ya kioo. Akasimama kumtazama, akaona kwamba mkono ule si wa kuchezea. Mwaka 1811, mtoto akiwa na umri wa miaka kumi, Chama cha Sanaa cha London kilimpa tuzo ya fedha kwa mchoro alioupeleka, na mwaka uliofuata kikampa medali. Bwana mmoja mkubwa wa nchi ile, Sir Thomas Dyke Acland, naye akapata habari zake akamsaidia.

Katika mwaka 1814 alichukuliwa London awe mwanagenzi wa Samuel William Reynolds, mtia nakshi mashuhuri. Wasikilizaji wasimchanganye na Sir Joshua Reynolds, mchoraji mkuu wa rangi, aliyekufa zamani mwaka 1792. Majina yalifanana tu, hawakuwa ndugu. Sisi tumezoea kumpa fundi kilemba mwanagenzi anapohitimu, lakini kwao fedha zilitangulia: mzazi aliyetaka mwanawe aingie katika karakana kama ile alipaswa kulipa pauni 300 kwanza. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno kwa baba wa Cousins. Reynolds alimpokea kijana bila kudai hata senti. Twapenda jambo hilo likumbukwe, kwa kuwa tutasema neno jingine juu ya mwalimu huyo ambalo si la sifa.

Wakati huo Reynolds alikuwa na shughuli kubwa ya kutoa picha zote za Sir Joshua katika mabamba madogo madogo, zaidi ya 300. Mtu mmoja hawezi kuimaliza kazi kama hiyo peke yake. Mengi katika mabamba mazuri zaidi ya kundi hilo yalitoka katika mkono wa Cousins, lakini yalipotolewa yalikuwa na jina la mwalimu. Ndivyo desturi ya karakana ilivyokuwa, na hakuna aliyeitazama kama wizi. Mwanagenzi amekula chakula cha fundi, amevaa nguo zake, amejifunza siri zake. Basi kazi ni ya fundi. Katika nchi zetu pia mlango wa nakshi wa Lamu au wa Unguja huitwa wa fundi fulani, na vijana waliopiga patasi hawatajwi. Hata hivyo twafikiri kwamba kijana aonaye kazi yake ikisifiwa kwa jina la mwingine huhesabu siku, hata kama kinywa chake hakisemi neno.

Alipohitimu hakuondoka mara moja. Alikaa na Reynolds miaka minne zaidi, si mwanagenzi tena bali msaidizi wa mshahara, pauni 250 kwa mwaka, ujira mzuri kwa kijana wa siku zile. Kisha, karibu na mwaka 1826, akafungua kazi yake mwenyewe. Bamba lake kubwa la kwanza lilikuwa picha ya Lady Acland na watoto wake, jamaa ya yule Sir Thomas aliyemsaidia utotoni, kama ilivyochorwa na Sir Thomas Lawrence.

Lawrence alikuwa mchoraji wa sura aliyepita wote katika Uingereza wakati ule. Alikuwa mkuu wa Royal Academy, yaani Chuo cha Kifalme cha Sanaa, na wafalme wa Ulaya walikaa mbele yake achore nyuso zao. Alipoiona chapa ya bamba hilo alifurahi sana, hata akamtaka Cousins afanye mapatano kwamba tangu siku ile asitie nakshi kazi ya mtu mwingine ila yake yeye tu. Hebu tufikiri. Kijana wa miaka ishirini na mitano, mtoto wa watu wasio na kitu, anaitwa na mchoraji mkuu kupita wote, anaahidiwa kazi isiyokwisha. Wengi wangeanguka kifudifudi kwa shukrani. Cousins alikataa. Alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja chini ya jina la mwingine, na hakutaka kuingia chini ya jina la pili. Alizidi kutia nakshi picha za Lawrence, tena kwa mapenzi, lakini kama mtu huru. Naye Lawrence akafa Januari 1830. Kama Cousins angalijifunga kwake, sijui mlango gani ungalifunguliwa siku ile, wasema wenye busara ya biashara; sisi twasema tu kwamba alichagua vema.

Katika picha za Lawrence alizozitoa, iliyo maarufu kupita zote ni ile ya mtoto Charles William Lambton. Mtoto wa miaka kama saba amekaa juu ya mwamba usiku, kando ya bahari, mkono mmoja umeegemeza kichwa, naye anatazama juu kama asikilizaye jambo ambalo wengine hawalisikii. Amevaa suti ya mahameli nyekundu, na kwa sababu hiyo Waingereza humwita Mtoto Mwekundu. Mwaka 1967 serikali ya Uingereza iliitia picha hiyo katika stempu, na mwaka 2021 picha yenyewe ya rangi ilinunuliwa ikawekwa katika National Gallery, London.

Tuulize basi: mtia nakshi aliye na wino mweusi tu atafanya nini na mtoto mwekundu? Hapa ndipo tuonapo kwamba kunakili si kazi ya kasuku. Wekundu na buluu iliyokoza zaweza kuwa na uzito mmoja machoni. Ukizigeuza kuwa weusi bila kufikiri, nguo na usiku ulio nyuma yake vitachanganyika, na mtoto atatoweka. Fundi hana budi kuamua nuru iangukie wapi katika kila mkunjo, ili mahameli iendelee kuwa mahameli, mwamba ubaki mwamba, na shavu la mtoto liwe na damu ndani yake bila tone la rangi nyekundu. Hakuna kanuni iliyoandikwa ya kumwongoza. Mchoraji alijibu maswali yake kwa rangi. Mtia nakshi huulizwa maswali yale yale upya, naye hunyimwa rangi ya kujibia. Cousins alilitoa bamba hilo mwaka 1827. Mtoto mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1831, umri wake miaka kumi na mitatu, na kwa watu wengi waliopata kujua sura yake, sura hiyo ilikuwa ni ile iliyotoka katika bamba la Cousins.

Shaba ni laini. Bamba la mezotinti la shaba lilipopita mtamboni mara mia moja au mia mbili, vile vichembe vililala, na mahameli ikawa kama kitambaa kilichofuliwa mno. Ndiyo sababu chapa za kwanza zilikuwa ghali. Wauza picha walikuwa na madaraja: kwanza chapa chache zisizo na maandishi chini, ambazo mchoraji na mtia nakshi walizitia sahihi, kisha nyingine, mwisho zile za watu wote zenye jina na maelezo. Lakini katika 1822 fundi aitwaye Thomas Lupton alipata medali ya Chama cha Sanaa kwa kuonyesha kwamba mezotinti yaweza kufanywa katika feleji laini, na bamba kama hilo liliweza kutoa chapa elfu na zaidi. Feleji ilikuwa ngumu kwa mkono, nayo haikutoa ule weusi mzito wa shaba. Kwa hiyo Cousins alijifunza kuchanganya njia, mahali akitumia mezotinti, mahali akikata mistari kwa dawa kali ya kula chuma, mahali akitia nukta nukta. Watu wapendao mezotinti safi humlaumu kwa mchanganyiko huo. Sisi hatuoni sababu ya kumlaumu mtu aliyetaka picha yake iingie katika nyumba elfu badala ya mia.

Sasa tufike penye mzozo. Royal Academy ilianzishwa London mwaka 1768, na kanuni yake ilitoa nafasi 40 za wanachama wakamilifu kwa wachoraji wa rangi, wachonga sanamu na wasanifu wa majengo. Watia nakshi hawakutajwa. Mwaka 1769 wakatengewa nafasi sita za daraja la chini: waliweza kuingia katika chuo, lakini hawakuweza kupanda, wala hawakuwa na sauti katika mashauri. Hoja ya wakubwa ilikuwa kwamba mtia nakshi habuni kitu. Hufuata tu kile kilichokwisha kubuniwa. Mafundi watatu walio hodari kupita wote wa siku zile, Robert Strange, William Woollett na William Sharp, hawakukubali kuingia kwa mlango wa nyuma, na Strange akaandika kitabu cha kulalamika mwaka 1775.

Manung'uniko hayo yalidumu zaidi ya miaka themanini. Mmoja katika waliosumbuka sana alikuwa John Landseer, mtia nakshi aliyekubali nafasi ile ya chini mwaka 1806 kwa nia ya kuibadili kanuni kutoka ndani. Hakufaulu. Mwanawe Edwin, mchoraji wa wanyama, alifanywa mwanachama mkamilifu mwaka 1831, angali kijana. Mawazo yetu yamemwendea yule mzee mara nyingi: kuketi chini ya mtoto wake katika baraza moja, huku sehemu kubwa ya utajiri na sifa za mtoto huyo ikitoka katika chapa zilizofanywa na watia nakshi. Alizungumza mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1836, na mwaka 1837 watia nakshi wakapeleka maombi kwa Mfalme. Mzee akafa mwaka 1852, mambo bado ni yale yale.

Cousins aliingia katika ile nafasi ya chini mwaka 1835. Hakuandika kitabu cha malalamiko wala hakukataa kama Strange. Alikwenda nyumbani akaendelea kukwangua. Alitoa picha ya Landseer kijana ya watawa wa Bolton Abbey wakipokea samaki na nyama ya porini, ambayo watu waliigombania. Alitoa picha ya Malkia Victoria akipokea sakramenti siku ya kutawazwa kwake, kama ilivyochorwa na Leslie. Wako watakaosema kwamba ukimya wake ulikuwa woga. Huenda. Lakini mzozo ule ulihitaji watu wa namna mbili: wale waliopiga kelele mlangoni, na mmoja ambaye, mlango utakapofunguliwa, hakuna atakayeweza kusema kwamba hastahili kupita. Mwaka 1853 wakubwa wa chuo wakakubali kubadili kanuni, na mwaka 1855 Samuel Cousins akawa mtia nakshi wa kwanza kufanywa mwanachama mkamilifu. Alikuwa amepita miaka hamsini, na miaka arobaini na mmoja ilikuwa imepita tangu aingie karakana ya Reynolds.

Uzee wake ulikuwa wa kazi. Alitia nakshi picha nyingi za John Everett Millais, mchoraji aliyezaliwa wakati Cousins amekwisha kuwa fundi kamili, na pia alirudia picha za Sir Joshua alizozijua tangu uanagenzi, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Miongoni mwa hizo ilikuwa sura ya mtoto Penelope Boothby, aliyechorwa mwaka 1788 amevaa kofia kubwa nyeupe, akafa kabla ya kutimiza miaka sita. Baadaye, mwaka 1879, binti mdogo aitwaye Edie Ramage alivikwa nguo kama za Penelope kwa karamu, na Millais akamchora hivyo hivyo. Picha hiyo huitwa Cherry Ripe. Gazeti la The Graphic liliitoa kwa rangi katika toleo lake la Krismasi ya 1880, likauza mamia ya maelfu ya nakala, na bado watu walikuwa wakidai zaidi. Mwaka 1881 Cousins naye akaitoa kwa mezotinti. Alikuwa na umri wa miaka themanini.

Tafadhali mzitazame hesabu hizo pamoja. Gazeti moja, kwa mitambo, kwa juma chache, lilifanya kazi ambayo mabamba yake yote ya maisha yasingeweza kuifanya. Mwaka ule wa 1879, huko Vienna, mtu aitwaye Karel Klíč alikuwa amekwisha kupata njia ya kutia picha ya nuru katika bamba la shaba kwa dawa, bila mkono wa mtia nakshi. Ufundi ulioingia katika baraza ya wakubwa mwaka 1855 ulikuwa umeanza kuondoka duniani kabla ya yule aliyeuingiza.

Tena mwaka huo huo wa 1881 kulitokea kifo ambacho hakikuandikwa sana magazetini. David Lucas, mtoto wa mkulima wa Northamptonshire, alipitia karakana ile ile ya Reynolds; yeye pia, kama Cousins, alichukuliwa kwa sababu mwalimu aliona michoro yake ya utotoni. Ustadi wake haukuwa mdogo. Mabamba aliyoyatoa kutokana na picha za nchi na mawingu za John Constable yanahesabiwa leo na wajuzi wengi kuwa bora kuliko yo yote ya Cousins, na kwa macho yetu wasema kweli. Lakini Lucas alijifunga kwa mchoraji mmoja tu, mchoraji ambaye hakununuliwa, aliyebadili nia kila juma na kumwagiza fundi akwangue tena mahali palipokwisha kukwanguliwa. Constable akafa mwaka 1837, ulevi ukamshika Lucas, na maisha yake yakakoma katika nyumba ya maskini ya Fulham, London. Walimu wapendao kuwaambia wanafunzi kwamba bidii na ustadi hutosha wasisome habari za watu hawa wawili pamoja.

Cousins mwenyewe alijua jinsi wenzake wengi walivyoishia. Alikuwa amechuma mali nyingi kwa kazi yake, naye akaiwekea Royal Academy pauni 15,000, ziwe amana, ili faida yake itoe posho kila mwaka kwa mafundi wa sanaa waliofikwa na uzee au ufukara. Hakuoa. Alikufa London, nyumbani kwake Camden Square, tarehe 7 Mei 1887, zikiwa zimesalia siku mbili atimize miaka themanini na sita.